Chen Sheng na swali lililomrudia mwenyewe

Mtu mmoja alifika kwenye lango la jumba la mfalme mjini Chen, katika China ya kale, akabisha, akasema anataka kumwona She. Hakusema mtukufu, hakusema bwana mkubwa. Alitaja jina walilozoea kuitana enzi zile wakilima vibarua kwenye shamba la mtu. Mkuu wa walinzi akataka kumfunga kamba. Mgeni akajitetea weee, mpaka wakamwacha, ila hakuna aliyekubali kupeleka habari zake ndani. Basi akangoja. Mfalme alipotoka, akaziba njia na kupaza sauti: "She!"

Mfalme akasikia, akamwita, akampandisha kwenye gari lake la farasi, wakarudi jumbani pamoja. Mgeni alipoona zile kumbi na yale mapazia alishindwa kujizuia: "Loo! Ama kweli She umekuwa mfalme, nyumba haina mwisho hii!" Alisema kwa lahaja ya kwao, lahaja ya Chu, nchi ya kusini. Mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika kama miaka 100 baadaye, aliliacha neno lile la mshangao kama lilivyotamkwa, akaongeza tu kwamba watu wa Chu hulitumia wakimaanisha vitu kuwa vingi. Ni nadra katika vitabu vya zama zile kumsikia mkulima akizungumza kwa sauti yake mwenyewe.

Siku zikapita. Mgeni akazoea, akawa anaingia na kutoka apendavyo, na kila alipokaa alisimulia mambo ya zamani ya mfalme. Mtu akaenda kumnong'oneza mfalme: mgeni wako huyu hana akili, anapayuka ovyo, anakushushia hadhi. Mfalme akaamuru akatwe kichwa. Marafiki wengine wa zamani walipopata habari wakafungasha mmoja mmoja, na hakubaki hata mmoja wa kumkaribia.

Mfalme huyo ni Chen Sheng, mtu wa kwanza kuinua silaha dhidi ya Dola ya Qin, mwaka 209 KK. Alitawala miezi sita tu. Na kinachofanya kisa cha yule mgeni kichome zaidi ni kwamba zamani, siku moja wakiwa wamepumzika kwenye tuta la shamba, ni Chen Sheng mwenyewe aliyewaambia vibarua wenzake: atakayetajirika kati yetu asiwasahau wenziwe. Walimcheka. Wewe mlima vibarua, utajiri utautoa wapi? Akashusha pumzi, akasema mbayuwayu na shomoro watajuaje shabaha ya bata maji arukaye mbali. Hadi leo Wachina huitumia kauli hiyo mtu anapodharauliwa na wasiomjua.

Kwetu kesi hii ingekwisha kwa methali moja: maskini akipata, matako hulia mbwata. Wachambuzi wengi wa Kichina nao, kwa karne nyingi, wameihukumu kwa namna hiyo hiyo: alipata, akalewa, akawasahau wenziwe, akaanguka. Mimi naiona hukumu hiyo nyepesi mno. Inamfanya Chen Sheng kuwa limbukeni tu, na malimbukeni wapo kila mahali bila kuangusha dola. Nadhani kilichomponza ni kitu kikubwa kuliko tabia yake, na ukitaka kukiona inabidi urudi kwenye mvua.

Qin iliziunganisha nchi za China mwaka 221 KK kwa kuzimeza falme sita, mojawapo Chu ya kusini. Kaizari wa Kwanza alifariki mwaka 210 KK akiwa safarini. Mwanawe mkubwa, Fusu, alilazimishwa kujiua kwa waraka wa kughushi, na mdogo akakaa kitini kama Kaizari wa Pili. Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, watu 900 walikusanywa kutoka upande wa kushoto wa malango ya vijiji, yaani upande walikokaa mafukara, wapelekwe Yuyang, karibu na ilipo Beijing leo, kulinda mpaka. Chen Sheng na mwenzake Wu Guang walikuwa viongozi wadogo katika msafara huo, na juu yao walikuwapo maofisa wawili wa serikali. Walipofika Dazexiang, katika jimbo la sasa la Anhui, mvua ikawashukia. Barabara zikazama. Wakapiga hesabu, wakaona tarehe imekwisha kuwapita. Sima Qian anasema adhabu ya kuchelewa ilikuwa kukatwa kichwa.

Hapa nina jambo la kuchokonoa. Mwaka 1975, huko Shuihudi mkoani Hubei, wachimbaji walifukua kaburi la karani mmoja wa Qin, na ndani yake mlikuwa na vijiti vya mianzi zaidi ya 1,100 vyenye maandishi, vingi vikiwa vya sheria. Sheria ya kazi za shokoa iliyomo inasema hivi: kundi likichelewa siku 3 hadi 5, hukemewa, siku 6 hadi 10, hutozwa faini ya ngao moja, zaidi ya hapo, deraya moja. Na ikiwa ni mvua, kazi husamehewa. Sheria ya Qin ilikuwa kali, lakini katika ukurasa huo, kama naweza kuuita ukurasa, ni sheria ya mhasibu kuliko ya mchinjaji.

Wapo wanaosema basi Chen Sheng aliwadanganya wenziwe, au Sima Qian, aliyekuwa mtumishi wa Dola ya Han iliyorithi mali ya Qin, aliipaka Qin masizi. Wengine wanajibu kwamba sheria ile ni ya shokoa za ujenzi, na wale 900 walikuwa wakienda ulinzi wa mpakani, ambako sheria za kijeshi ni nyingine. Mimi ninavutwa na neno dogo lililomo katika hotuba ya Chen Sheng mwenyewe, kama ilivyoandikwa. Aliwaambia: tumepatwa na mvua, tumechelewa, na aliyechelewa hukatwa kichwa. Kisha akaongeza: hata wasipotukata, katika kila kumi wanaokwenda kulinda mpaka, sita au saba hufa huko huko. Hata wasipotukata! Mtu mwenye hakika ya kifo hahitaji kuongeza hayo. Naona alijua kwamba miongoni mwa wasikilizaji wake wamo watakaouliza, lakini si ni mvua? Akawaziba midomo mapema. Hesabu yake haikusimama juu ya sheria. Ilisimama juu ya jambo ambalo kila mmoja pale alikuwa na ndugu au jirani wa kulithibitisha: ukipelekwa mpakani, hutarudi.

Kabla ya hotuba, lakini, palikuwa na samaki.

Chen Sheng na Wu Guang walikwenda kwa mpiga ramli. Mzee yule akawasoma, akawaambia mambo yenu yatafanikiwa, ila je, mmewauliza mizimu? Wakaelewa. Walichukua kipande cha hariri, wakaandika kwa rangi nyekundu maneno matatu, "Chen Sheng mfalme", wakakisokomeza tumboni mwa samaki aliyekwisha kunaswa wavuni na mvuvi. Askari wakamnunua samaki wapike, wakampasua, wakakuta maandishi. Usiku Wu Guang akajipenyeza kwenye kihekalu kilichokuwa vichakani karibu na kambi, akawasha moto ndani ya kikapu, akalia kama mbweha: "Chu Kuu itainuka, Chen Sheng atakuwa mfalme." Kambi nzima haikulala. Kulipokucha watu walikuwa wakinong'onezana na kumtupia Chen Sheng macho.

Sima Qian anaisimulia hila hii hatua kwa hatua, bila aibu na bila kuitetea. Ninampenda kwa hilo. Wanahistoria wengi wa kale wangemwachia samaki muujiza wake.

Kisha ikaja siku yenyewe. Ofisa mmoja alikuwa amelewa. Wu Guang, aliyependwa na askari, akawa anapita mbele yake akisema kwa makusudi kwamba anataka kutoroka, ili amkasirishe. Ofisa akamchapa. Upanga wake ukachomoka, Wu Guang akauwahi, akamuua. Chen Sheng akasaidia, na ofisa wa pili naye akaanguka. Hapo ndipo watu 900 walipokusanywa na kuambiwa habari za mvua, za kuchelewa na za kufa mpakani, na mwisho wa hotuba Chen Sheng akatupa lile swali: wafalme, makabaila, majemadari na mawaziri, kwani wana mbegu yao?

Mbegu. Neno la Kichina alilolitumia ni lile lile la mbegu ya mkulima, na aliyekuwa akiuliza amelima mashamba ya watu. Huko nyuma China iliwahi kuwa na vita, mapinduzi ya jumbani, hata falme kupokonyana nchi, lakini kila mara walipambana watu wenye ukoo. Kuwaambia vibarua waziwazi kwamba ukoo wenyewe ni hadithi tu, hilo lilikuwa geni.

Sasa tazama vitu hivi viwili vikiwa pamoja, samaki na swali. Samaki anasema: Chen Sheng si kama ninyi, ameteuliwa. Swali linasema: hakuna mtu aliyeteuliwa. Vyote viwili vilitoka kwa watu wale wale, ndani ya siku chache, kwenye matope yale yale. Siku ya uasi vilivutana upande mmoja, kwa sababu watu walihitaji kuamini kwamba inawezekana na pia kwamba yupo wa kuwaongoza. Tatizo lilikuwa kesho yake.

Uasi ulienda kama moto wa nyika. Waliiteka Dazexiang wakiwa na fimbo na matawi ya miti, wakauteka mji wa Qi, na walipofika Chen, katika jimbo la leo la Henan, walikuwa na magari ya vita 600 au 700, farasi zaidi ya 1,000 na askari makumi ya maelfu. Wazee wa mji wakamwomba awe mfalme. Mabwana wawili wenye jina, Zhang Er na Chen Yu, wakamshauri asijitawaze bado. Ukijitawaza sasa, walisema, dunia itaona una choyo. Afadhali utume watu wawarudishe warithi wa falme sita ili Qin ipate maadui wengi.

Ushauri huu umesifiwa mno. Hata mimi nakubali kwamba kijeshi ulikuwa na akili. Lakini usikilize kwa masikio ya aliyekuwa kibarua: subiri kwanza, wape wenye mbegu. Chen Sheng angekubali vipi bila kulimeza swali lake? Akajitawaza, nchi akaiita Zhang Chu, yaani Chu iliyopanuka. Na kama unadhani mabwana wale walikuwa na msimamo juu ya nani afaaye kuwa mfalme, ngoja kidogo.

Chen Sheng akawatuma majemadari pande zote. Wu Chen alikwenda kaskazini na askari 3,000 kuiteka nchi ya Zhao, na hao Zhang Er na Chen Yu wakaenda naye. Walipofika Handan, nani walimshawishi Wu Chen ajitangaze mfalme wa Zhao? Hao hao. Chen Sheng alipopata habari alitaka kuzichinja familia za waasi wake wapya zilizokuwa mikononi mwake. Akashauriwa kwamba Qin haijaanguka bado, na kuwachinja watu hawa ni kujizalia Qin ya pili. Akameza hasira, akatuma salamu za pongezi, familia akazihamishia jumbani kwake. Wu Chen naye akamtuma Han Guang kuiteka nchi ya Yan. Han Guang akajitangaza mfalme wa Yan. Alikuwa na hofu kidogo kwa kuwa mama yake alikuwa Zhao, lakini watu wa Yan walimtuliza: kama Chu yenye nguvu haikuthubutu kuzigusa familia za mfalme wa Zhao, Zhao itathubutuje kuigusa yako? Hesabu yao ilikuwa sahihi. Baada ya miezi michache Zhao ilimsindikiza mama hadi Yan kwa heshima. Huko nchi ya Qi nako (si ule mji wa Qi), Tian Dan, mtu wa ukoo wa wafalme wa zamani, alikwisha kujitawaza.

Kwa kawaida hapa wachambuzi husema Chen Sheng hakuwa na udhibiti, hakujua kupanga, aliwaamini watu wabaya. Labda. Lakini wale majemadari walifanya nini ambacho yeye hakukifanya? Walilisikia swali lake wakalijibu. Kama wafalme hawana mbegu, Wu Chen ana kosa gani? Han Guang, aliyekuwa karani mdogo tu, ana kosa gani? Chen Sheng angewakataza kwa hoja ipi? Samaki alikuwa ameliwa siku nyingi, na Handan hapakuwa na aliyeonja mchuzi wake.

Vitani mambo yaliharibika haraka. Zhou Wen, ambaye kazi yake ya zamani jeshini ilikuwa kutazamia siku njema na siku mbaya, aliongoza jeshi kuelekea magharibi, watu wakajiunga njiani mpaka wakawa laki kadhaa na magari 1,000, akalipita lango la Hangu na kupiga kambi Xi, si mbali na mji mkuu wa Qin. Qin haikuwa na jeshi la karibu. Ofisa mmoja, Zhang Han, akaomba wafungwa waliokuwa wakijenga kaburi la Kaizari wa Kwanza wafunguliwe minyororo na kupewa silaha. Wafungwa hao wakaliponda jeshi la Zhou Wen. Mafukara wa Chu walipigwa na mafukara wa Qin, na sijui kama kuna sehemu ya kisa hiki inayonikera kuliko hiyo. Zhou Wen alirudi nyuma, akapigwa tena na tena, mwishowe akajiua.

Wu Guang wakati huo alikuwa amekwama akiuzingira mji wa Xingyang. Maofisa wake wakaona Zhang Han anakuja na mkubwa wao hajui vita. Mmoja wao, Tian Zang, akaghushi amri ya mfalme, akamuua Wu Guang, kichwa akakipeleka kwa Chen Sheng. Na Chen Sheng? Alimpelekea Tian Zang muhuri wa waziri mkuu na kumfanya jemadari mkuu.

Tumezoea kukisimulia kifo cha mgeni wa langoni na kukipita haraka cha Wu Guang, kana kwamba kimoja ni cha urafiki na kingine ni cha siasa. Naona ni jambo moja. Wu Guang ndiye aliyelia kama mbweha. Yule mgeni alimjua She wa tuta la shamba. Kati yao wawili walijua kila kitu ambacho mfalme aliyeteuliwa na mizimu asingependa kijulikane. Sisemi Chen Sheng aliagiza rafiki yake auawe Xingyang. Kitabu hakisemi hivyo. Lakini kichwa kilipofika mezani, alitoa muhuri. Na mnong'ono uliomuua mgeni haukuwa kwamba ni mwizi au jasusi. Ulikuwa kwamba anamshushia mfalme hadhi. Kila "She!" aliloliita mgeni yule lilikuwa swali lile lile likirudi nyumbani: kwani una mbegu?

Mfalme aliyezaliwa jumbani angecheka, angempa mgeni nguo na shamba. Chen Sheng hakuwa na kitu cha kukalia isipokuwa hariri ya tumboni mwa samaki na uvumi wa mbweha. Alijaribu kutafuta kingine. Wasomi wa Lu, nchi ya Confucius, walimfuata wakiwa wamebeba vyombo vya ibada vya ukoo wa Confucius, na mmoja wa kizazi chake, Kong Jia, akawa mwanazuoni wa baraza lake na akafa pamoja naye. Qin ilikuwa imewachomea moto vitabu vyao, na hilo lilitosha kuwasukuma kwa kibarua. Lakini vyombo vya ibada havijengi jadi ndani ya miezi sita.

Liu Bang, aliyekuja kuianzisha Dola ya Han mwaka 202 KK, naye alikuwa mtu wa kijijini, na hadithi zake za joka na nyoka zipo tele. Tofauti ni kwamba aliyaruhusu yote mawili, muujiza na swali, yakae. Waliotaka ufalme aliwapa, akawamaliza baadaye kwa zamu. Na mwaka 195 KK, akiwa kaizari mzee, alipita kwao Pei, akawakusanya wote waliomjua, wakanywa zaidi ya siku kumi wakikumbushana ya zamani na kucheka, kisha akausamehe mji kodi. Alikuwa na miaka nyuma yake. Chen Sheng alikuwa na miezi tu.

Katikati ya baridi, akikimbia jeshi la Zhang Han, Chen Sheng alifika Xiachengfu. Hapo aliuawa na mwendesha gari lake, mtu aitwaye Zhuang Jia, aliyejisalimisha kwa Qin. Mtumishi mmoja wa zamani wa jumbani, Lü Chen, akakusanya askari waliovaa vilemba vya buluu, akaukomboa mji wa Chen na kumuua Zhuang Jia. Qin yenyewe iliangushwa mwaka 206 KK na wengine, wengi wao watu aliowatuma Chen Sheng au walioinuka baada yake.

Sima Qian alimweka Chen Sheng katika sehemu ya kitabu chake iliyotengwa kwa nyumba za watawala wenye kurithishana, yeye ambaye hakuacha mrithi wa kumtaja. Ban Gu, aliyeandika zaidi ya karne moja baadaye, alimtoa huko akamshusha kwa watu wa kawaida. Liu Bang alikuwa ameweka kaya 30 zilinde kaburi lake huko Dang, na sadaka za damu zilikuwa bado zinatolewa Sima Qian alipokuwa akiandika.

Mwaka 1973, huko Mawangdui karibu na Changsha, katika nchi iliyokuwa Chu, kaburi lililofungwa mwaka 168 KK lilifunguliwa. Mlikuwa na maandishi ya elimu ya nyota, na ndani ya majedwali yake, mahali ambapo ungetarajia mwaka uhesabiwe kwa Kaizari wa Pili wa Qin, mtu aliandika "Zhang Chu". Miaka 40 ilikuwa imepita tangu gari lile lifike Xiachengfu. Na maandishi yenyewe, kama yale ya tumboni mwa samaki, yameandikwa juu ya hariri.